Upepo ung'oao hema ndio ulishao dagaa

Watumishi wengi wa umma, walimu wakiwemo, huihesabu likizo kuwa ni safari ya kwenda kusalimia wazee, kuezeka upya nyumba ya kijijini na kurejea kazini mifuko ikiwa mitupu. Desturi hiyo ni njema na haina haja ya kulaumiwa. Wapo hata hivyo wachache wanaojaribu jambo jingine: hufunga hema, sufuria, mishipi na ndoano, wakaenda kulala siku tatu au nne kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Hao wanastahili kuungwa mkono. Wanastahili pia kuambiwa kweli, maana ziwa lile si bwawa la kupungia upepo.

Urefu wake ni kilometa zipatazo 670, na kina chake kikubwa kabisa kinakaribia meta 1,470. Duniani kote linazidiwa kina na Ziwa Baikal peke yake, lililoko Siberia. Mahali pengi mlima hushuka moja kwa moja ukaingia majini, na mtu ambaye maji yalikuwa yakimfika magotini aweza, kwa hatua chache tu, kukosa pa kukanyaga.

Shule zinapofungwa mwezi Juni, ndipo upepo wa kusini unapotamalaki. Mgeni afikapo alasiri hukuta ziwa limetulia kama mafuta bakulini, naye hulisimika hema lake mchangani, karibu kabisa na maji, ili apambazukiwe na mandhari. Usiku wa manane mambo hugeuka. Vigingi vya mchangani havina mshiko. Hema huvimba kama tanga, sufuria hubiringika, na unga uliokuwa katika mfuko wa karatasi huwa uji kabla ya kuinjikwa. Ukweli ni kwamba mgeni huyo alikuwa na nafasi ya kutazama nyumba za wenyeji zilivyojengwa juu, nyuma ya miti, na kujiuliza sababu yake. Hakujiuliza. Na kwa wale wanaopiga kambi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, yupo mkaguzi wa mchana ambaye hasubiri barua wala kibali: nyani, ambaye hushuka ufukweni na kuukagua mfuko wa mkate mpaka chini.

Ama kuhusu uvuvi, kosa la kawaida zaidi liko katika kalenda. Mtu wa mjini huchagua juma la mbalamwezi kwa ajili ya uzuri wake, kisha hushangaa kuwakuta wavuvi nchi kavu wakishona nyavu. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya giza. Dagaa hufuata mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi mara nyingi taa za umeme wa jua, na migebuka huwafuata dagaa ili kuwala. Mwezi ukiwaka anga nzima, taa ya mvuvi haina wa kumwita. Mgeni hubaki na ndoano yake juu ya mawe, akiikwamua kila baada ya dakika chache, na jioni hurudi na samaki watatu wasiotosha kitoweo. Yafaa asiwadharau hao watatu. Wengi wa samaki wa kwenye mawe yale hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani, na mwalimu wa biolojia aliyewashika kwa mkono wake amepata somo ambalo ubao hauwezi kulitoa.

Anayebahatika kwenda majini usiku wa giza pamoja na wavuvi hana budi kufahamu kwamba humo cheo hakielei. Mwenye chombo akisema leo hatutoki, hakuna mjadala. Na jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu ufukweni, lisiwe la kukaliwa kama mto. Wapo watumishi ambao huona haya kuamrishwa na kijana asiyemaliza darasa la saba. Haya hiyo imekwisha kuzamisha watu katika maziwa yetu yote.

Hata hivyo upepo ule ule ung'oao hema una kazi yake. Katika maji ya chini sana ya ziwa hakuna hewa ya oksijeni, na samaki hawaishi humo. Lakini ndiko rutuba ilikolala. Upepo wa kusini wa kiangazi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na rutuba hupata njia ya kupanda, vijimea vidogo vikastawi na dagaa wakala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa kadiri ziwa linavyozidi kupata joto ndivyo maji yake yanavyopungukiwa na mchanganyiko huo, na chakula cha samaki hupungua. Aliyeukesha usiku mmoja akilishikilia hema lake ana sababu ya kuuheshimu upepo huo.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kwa samaki. Afisa aliyekwisha kulala ufukweni, akaona jinsi akina mama wanavyokimbilia vichanja vya dagaa mara wingu linapotanda, ataitetea bila kusahau kwamba miezi mitatu bila taa majini ni miezi mitatu bila ada, bila sabuni na bila deni kulipwa.

Vijiji vya ufukweni navyo vyaweza kufaidika na wageni hawa. Serikali ya kijiji ingeweza kutenga kiwanja juu ya mstari wa mawimbi, kikawekwa choo na kibao chenye tarehe za mwezi mwandamo, na mgeni akatozwa ada ndogo ya kijiji kabla hajafungua hema. Pesa za kwanza zingetosha kununua majaketi.