Theluji Feki na Geti la Uhuru Park

Wasee, tuambiane ukweli. Kila Novemba simu zetu zinajaa video za Hyde Park, London. Taa kila mahali, watu ndani ya makoti mazito, chokoleti moto mkononi. Halafu msee wa Umoja anaandika hapo chini ati Krismasi yetu sisi ni ushamba.

Ushamba kwa nani?

Hebu tuangalie hiyo kitu mnaililia. Inaitwa Winter Wonderland na ilianza 2007, kwa hivyo usiniambie ni mila ya mababu. Kile kijiji chake cha soseji na bia ni cha kuiga Ujerumani, ambako soko la Krismasi la Dresden lilianza 1434. Theluji nayo? Krismasi ya London mara nyingi ni mvua na baridi tu, hata wao theluji wanatengeneza. Jua lao Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtu anayeona giza saa kumi ana haki ya kuwasha taa zote na kuchemsha divai, simlaumu. Lakini wewe jua la Nairobi linakuchoma utosi mchana kutwa, unalipa tiketi urushiwe povu jeupe ndani ya hema. Unaiga aliyeiga!

Na kuna kitu video hazikuonyeshi. Hyde Park ni bustani ya umma, siku ya kawaida unaingia bure. Maonyesho yakija, kipande kikubwa kinazungushiwa ua. Unabuku saa ya kuingia, saa zenye watu wengi unalipa kiingilio, kisha kila bembea huko ndani ina bei yake. Yakiisha, nyasi zimegeuka matope na zinapandwa upya. Tarehe 25 Desemba yenyewe? Pamefungwa. Ndio, Krismasi yenyewe.

Sasa njoo Uhuru Park tarehe hiyo hiyo. Hakuna pa kukanyaga. Familia zimetoka Kibera, Kawangware, Kayole. Mathe ana chapati kwa hotpoti. Watoi wana miwani ya plastiki na nguo mpya iliyonunuliwa kubwa kidogo ndio ifike Krismasi ijayo. Mmoja anapakwa rangi usoni, mwingine analilia boti, na jamaa wa kamera ameshakupiga picha tatu kabla hamjaelewana bei. Na kama huna hata mbao mfukoni, nyasi ni zako, kivuli ni chako, hakuna wa kukuuliza tiketi. Hii ndiyo mnaonea aibu?

Hii bahati haikuanguka kutoka mbinguni. 1989 KANU ilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akakataa. Akaandika barua hadi kwa balozi wa Uingereza, akifananisha mradi huo na kujenga jumba kama hilo Hyde Park. Bungeni wakamkejeli. Mwishowe wawekezaji wakajitoa na bustani ikabaki yetu. Halafu 2021 ikafungwa kwa ukarabati, na Krismasi ya mwaka huo watoto wakabaki mtaani. Geti moja tu likifungwa, Krismasi ya mtoto wa mtaa imeisha.

Najua kuna mtu atasema, "Si waweke kiingilio kidogo tu, ndio pawe safi." Kidogo kwa nani? Wewe uko peke yako. Mzee wa mjengo ana bibi na watoto wanne, hicho kidogo anakilipa mara sita kabla hajanunua hata soda. Na usafi ni kazi ya kaunti, tunailipia ushuru mwaka mzima.

Mimi siogopi theluji ya povu. Naogopa ua. Theluji tukiiga tutachekwa siku moja, lakini tukiiga ua, mtoto wa Kayole atakula Krismasi akichungulia kwa nyufa. Na anayetaka kuweka huo ua hahitaji tingatinga. Anangoja tu sisi vijana tuione Uhuru Park kama mahali pa washamba, ndio siku akija na vyuma vyake kusiwe na mtu wa kupiga kelele.

Kwa hivyo Krismasi hii, ukitaka kupiga video, piga pale. Beba chapati.