Kiingereza Nacho Kina Adabu Yake

Ni dhahiri kwamba vijana wetu wengi wanaomaliza Kidato cha Sita na vyuo hapa Visiwani wanakijua Kiingereza kwa kiasi cha kusifiwa. Nyakati za vitenzi wanazijua, na insha zao husomeka. Hata hivyo, wapo ambao wakisimama mbele ya mgeni kuomba jambo dogo, huonekana kama wanaotoa amri. Kasoro hiyo si ya tabia, bali ni ya mafunzo.

Mtu wa Unguja au Pemba amelelewa kubisha hodi kabla ya kuingia, na kuamkia kabla ya kueleza shida yake. Kwa Kiswahili, neno "naomba" latosha kuufanya usemi uwe wa kiungwana. Kiingereza hakikuiweka adabu yake mahali hapo. Mwanafunzi akifasiri neno kwa neno na kutia "please" mwishoni, ametoa amri iliyopambwa. Waingereza huuliza kama mtu angeweza: "Could you". Ombi likiwa zito, hulirudisha katika wakati uliopita, "I was wondering if", ingawa jambo lenyewe walitaka sasa hivi.

Mtego mkubwa zaidi umo katika "Would you mind". Mgeni akiuliza hivyo, kama mhudumu ataudhika dirisha likifunguliwa, kijana wetu hujibu "Yes" kwa moyo mweupe, akidhani amekubali. Kumbe amekataa. Mgeni huenda asimsahihishe. Atanyamaza na kumhesabu mjeuri. Mwanaisimu Jenny Thomas alilieleza jambo hili mwaka 1983: kosa la sarufi huonekana ni upungufu wa lugha, lakini kosa la adabu huhesabiwa kuwa ni tabia ya mtu. Kwa hiyo, kadiri msemaji anavyokimudu Kiingereza, ndivyo anavyosamehewa kidogo.

Jambo hili si dogo kwa visiwa ambavyo utalii ni nguzo kubwa ya uchumi wake. Wala si la hoteli peke yake. Linamgusa afisa anayeandika barua kwa wafadhili, na mwanafunzi anayeomba nafasi ya masomo ng'ambo.

Wapo watakaosema kuwa kufundisha haya ni kasumba. Hatukubaliani nao. Kujua adabu ya lugha ya mwenzio si kuitupa yako. Twaona, kinyume chake, kwamba mwalimu hodari ataanzia kwenye Kiswahili: atamuuliza mwanafunzi angemwombaje babu yake, rafiki yake na mkuu wa skuli, kisha amwonyeshe ngazi hizo hizo katika Kiingereza.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iyatazame mambo mawili. Kwanza, madarasa ya juu na vyuo vya ualimu vitengewe saa za kuzungumza, ambamo maombi makubwa na madogo yataigizwa na kusahihishwa. Pili, mitihani ipime pia usemi, kwa sababu lisilotahiniwa aghalabu halifundishwi.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ni haki ya vijana wetu kufunzwa utamu huo katika kila lugha tunayowataka waifanyie kazi.