Simu ya Kijana wa Kamera Si Stoo ya Ofisi

Wasee, leo tuongee ukweli. Mashirika mengi hapa Kenya, iwe NGO, kanisa ama klabu ya mpira ya mtaa, hayana maktaba ya picha. Yana simu ya kijana fulani. Siku kijana huyo akipata kazi kwingine, historia ya miaka mitatu inaondoka naye. Halafu unasikia, "Alienda na vitu vyetu." Zii! Mlimpa wapi mahali pa kuviweka?

Eti picha ziko kwa grupu ya WhatsApp. WhatsApp inabana picha ili iende haraka, na faili inabaki na jina kama IMG-20240312-WA0007. Baada ya miaka miwili, nani atajua hiyo ndiyo siku mlifungua kisima? Mfadhili akitaka ripoti, mnatafuta picha mpaka saa nane usiku.

Na shida si kupoteza tu. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kama hata hamjui picha iko wapi, mtajuaje ni nani alikubali itumike?

Mtasema hakuna bajeti. Kwani kuipa faili jina ni pesa ngapi? Tarehe, tukio, mahali, basi. Fomu ya idhini ikae folda moja na picha zake. Akaunti iwe ya shirika, sio Gmail ya mtu, na isishikwe na mtu mmoja pekee. Kisha weka nakala 3, kwa vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya ofisi. Laptopu ikiibiwa, kazi bado iko.

Lakini kupanga faili ni kazi, na kazi hulipwa. Mnalipia siku ya kupiga picha, halafu siku ya kuzipanga mnaita "kusaidia kidogo". Iandikeni kwa mkataba. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wewe mwenye kamera, kabla ya kusaini, uliza: "Faili zitakaa wapi, na nani analipwa kuzipanga?" Wakikosa jibu, jua watakaa kwa simu yako. Na lawama pia.