Mgonjwa wa akili naye ana tumbo, ana moyo
Na Zuhura Mbaruku

Mgonjwa wa wodi ya kawaida akisema tumbo linamuuma, atabonyezwa tumbo. Wa wodi ya akili akisema hivyo hivyo, mara nyingi huambiwa atulie, na pengine dozi ikaongezwa. Dhuluma hii imezoeleka mno, hata sisi ndugu hatuioni tena.

Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Wengi hudhani ni kujiua. Kujiua kupo, lakini sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na moyo, kisukari, mapafu na maambukizi, maradhi ambayo mengi yanazuilika.

Dawa nazo zina mchango wake. Olanzapini hunenepesha na huweza kupandisha sukari. Mtu alilazwa mwembamba, anarudi nyumbani suruali haifungi, nasi tunafurahi kwamba amenawiri! Klozapini, inayowasaidia walioshindikana kwa dawa nyingine, huweza kushusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Hufunga choo pia, na hilo husahaulika. Mgonjwa anayelalamika kuwa leo siku ya nne hajapata choo asipuuzwe, maana utumbo unaweza kuziba ukamuua. Muuguzi akimuuliza kila asubuhi, "Umepata choo?", ameshafanya kazi kubwa.

Kuna na waliobandikwa wazimu kumbe mwili ndio unaoumwa. Malaria kali humfanya mtu aweweseke. Kaswende iliyofika kwenye ubongo hubadili tabia. Sukari ikishuka sana, mtu huropoka na kupigana. Wangapi wamefungwa kamba na kupelekwa kwa mganga kabla ya kutobolewa kidole?

Kuanzia Hospitali ya Akili ya Mirembe, Dodoma, hadi wodi za akili za hospitali za mikoa, naomba kila anayelazwa apimwe uzito, kiuno, presha na sukari, kisha vipimo hivyo virudiwe anapohudhuria kliniki. Mzani, utepe na mashine ya presha si vifaa vya kusubiri wafadhili.

Nawe unayemsindikiza ndugu yako kliniki wiki hii, msiondoke dirisha la dawa kabla hajapimwa presha na sukari, na majibu yakaandikwa kwenye faili lake.