Mavazi ya Wasubu ni Dhamana ya Tajiri

Sufuria nzito za alumini, zile zisubiwazo katika karakana ndogondogo za miji yetu kutokana na pistoni na vipuri chakavu vya magari, hutoka katika chungu chenye joto lisilopungua digrii 660 za Sentigredi, na abebaye chungu hicho hadi kwenye kalibu za mchanga aghalabu huwa amevaa kandambili na shati la mtumba. Hii ni dhuluma. Wala siwaafiki matajiri wanaodhani kuwa wameitimiza faradhi yao maadamu wamemnunulia msubu bwelasuti mpya. Kwani nguo hiyo, ikiwa ni ya poliesta, huyeyuka kwa joto la takriban digrii 260, ikashikamana na ngozi na kuzidi kuiunguza, ilhali sufu, ngozi ya ng'ombe, na pamba nzito iliyotiwa dawa ya kuzuia moto haviyeyuki, bali humpa mtu nafasi ya kujinasua.

Fedha zikiwa chache, na mara nyingi ni chache kweli, ningependa zianzie miguuni. Madini yaliyomwagika yakiingia ndani ya kiatu hukaa humo, na kamba hazifunguki upesi kwa mtu anayeungua. Ndiyo maana wasubu waliofunzwa huvaa buti za ngozi zisizo na kamba, na suruali huiteremsha nje ya buti, bila kuikunja pindo, maana kila pindo ni kikombe cha kupokelea moto. Uso nao unataka kinga yake, kwa kuwa maji kidogo yaliyosalia katika kalibu au katika chuma kilichonyeshewa mvua hugeuka mvuke ghafla, ukatanuka zaidi ya mara 1,000 na kuyarusha madini hewani.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, umetamka kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imemlazimu mwajiri kutoa mavazi yafaayo. Kwa hiyo tajiri anayelalamika kwamba watu wake huvua koti la ngozi saa sita mchana na atazame kwanza kama amewapa maji ya kunywa, upepo na mapumziko. Koti hilo mbele ya tanuri ni mzigo mkubwa, na mtu alipwaye kwa idadi ya sufuria hatalivaa mpaka ahakikishiwe kwamba ujira wake hautapungua kwa kulivaa.