Muhogo wa Kwale: maabara inajua, mkulima hajaambiwa

Muhogo unaweza kuwa mzima kwa nje, ukiuvunja ukakuta madoa ya kahawia na nyama iliyokauka. Hauchemshiki, hauuziki, wala haufai kwa kachiri. Kwa mama wa Msambweni anayetegemea shamba la nusu ekari, hiyo ni karo ya mtoto iliyooza ardhini.

Ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Si mgeni kwetu: wataalamu wa kituo cha Amani, Tanga, waliueleza mwaka 1936. Mwenzake, batobato, ule unaokunja majani na kuyatia manjano, uliandikwa tangu 1894. Yote miwili ni ya virusi, na hubebwa na inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa majani.

Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa michirizi ya kahawia husababishwa na virusi vya aina mbili, si moja. Umeonyesha pia kuwa mti unaweza kuonekana safi, kumbe umebeba maradhi. Inzi huyapeleka masafa mafupi tu. Wanaoyavusha kutoka Lunga Lunga hadi Matuga ni sisi wenyewe, kwa pingili tunazopeana.

Kupeana mbegu ni ujirani mwema, na sitaki tuuache. Nataka tupeane mbegu safi. Kibandameno tunaoupenda kwa utamu ni dhaifu mno mbele ya maradhi haya. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimetoa Tajirika, Shibe na Karembo, lakini ni nani kijijini anajua azipate wapi?

Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia nchini iliidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili kuzuia michirizi. Huo tuujadili, ni haki yetu kuuliza. Lakini pingili safi ya kawaida haihitaji mjadala, yahitaji bajeti.

Ninavyoona mimi, kaunti itenge shamba la mbegu katika kila wadi, miti ipimwe maabara kabla ya kugawiwa, na maafisa wa kilimo waje barazani na misikitini baada ya Ijumaa kutufunza kung'oa mti mgonjwa mapema. Mvua za masika hazingoji vikao. Wawakilishi wetu wa wadi waulizwe sasa, kabla majembe hayajashikwa.