Aliyepumzishwa Kazi Alipwe na Nani?

Hapana shaka kwamba wengi katika jamaa zetu wanaukumbuka mwaka 2020, pale hoteli za Mombasa na Malindi zilipofunga milango kwa sababu ya Korona, na wafanyakazi wakarejeshwa majumbani kwa kile kilichoitwa likizo bila malipo. Jina lilikuwa laini, lakini hasara yote ilitwikwa yule mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Mkataba wa kazi una pande mbili. Mfanyakazi yu tayari kufanya kazi. Mwajiri ndiye aliyekosa kazi ya kumpa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba, na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Anayemwachisha mtu kwa kuwa kazi imekwisha anapaswa kumpa notisi isiyopungua mwezi mmoja, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Likizo bila malipo isiyo na kikomo yaweza kuwa mlango wa nyuma wa kuyakimbia yote hayo.

Mwezi Aprili 2020 serikali iliwasamehe kodi ya mapato wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Tunauliza: kodi hukatwa katika mshahara, asiyelipwa kitu alisamehewa nini?

Tutazame Uingereza mwaka huohuo. Huko serikali ilibeba asilimia 80 ya mshahara wa aliyepumzishwa, kwa kiwango kisichozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Mfanyakazi hakwenda kupanga foleni. Mwajiri aliafikiana naye, akampa barua, akamlipa kwa njia ileile ya kila mwezi, kisha akadai fedha hizo kwa mamlaka ya kodi. Ilikuwa marufuku kumfanyisha kazi katika saa alizopumzishwa. Hadi mpango ulipofungwa tarehe 30 Septemba 2021, ajira milioni 11.7 zilikuwa zimepitia humo.

Hatusemi kwamba mpango ule haukuwa na kasoro. Asilimia 80 ya mshahara mdogo ni njaa, na mwajiri hakulazimishwa kuijazia ile 20 iliyobaki. Na ambaye jina lake halikuwa katika orodha ya mishahara iliyopelekwa kwa mamlaka ya kodi hakupata hata senti.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu, na linatugusa misikitini kabla ya hotelini. Misikiti ya Uingereza iliyowaandikisha maimamu na walimu wake kama waajiriwa iliweza kuwadaia malipo hayo. Kwetu, nyumba za ibada zilipofunguliwa kwa masharti Julai 2020, madrasa ziliamriwa ziendelee kufungwa. Ni walimu wangapi wa madrasa zetu waliokuwa na mkataba ulioandikwa? Walinzi na wafagiaji je? Wengi wao hulipwa kwa mchango wa Ijumaa, na Ijumaa ilipokatika, riziki ilikatika.

Kamati za misikiti ni waajiri, zikipenda zisipende. Tunaziomba zianze na karatasi moja kwa kila mtumishi: jina lake, kazi yake, mshahara wake, na kifungu kinachotaja atalipwa kiasi gani, na kwa miezi mingapi, iwapo kazi itasimama bila kosa lake.